Puto na Msafara: Jules Verne, Afrika na Urithi wa Riwaya ya Kisayansi

1. Utangulizi

Katika masomo ya fasihi, jina la Jules Verne hutajwa kwa kawaida kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye, pamoja na Mwingereza H. G. Wells aliyemfuata, huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa riwaya ya kisayansi. Ya pili ni kwamba, kama isemwavyo, alitabiri vyombo ambavyo binadamu waliviunda baadaye: nyambizi, ndege, safari ya mwezini. Sababu ya kwanza ni ya haki. Ya pili imekaririwa mno hata imeficha jambo lenye uzito zaidi, ambalo msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko wengi ya kulitambua.

Jambo hilo ni kwamba riwaya ya kwanza ya Verne, ambayo ndani yake mbinu yake yote ilizaliwa, haitupeleki Ulaya wala mwezini. Safari yake inaanzia Unguja, na chombo chake kinapita juu ya njia zilizokuwa zikikanyagwa na misafara kutoka pwani hadi Unyamwezi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba chombo hicho cha kwanza kilibuniwa ili kuuondoa msafara katika hadithi, yaani kuwaondoa wapagazi, viongozi wa njia, wakalimani na watoza hongo. Na kwamba maarifa yaliyokiwezesha kuruka yalitoka kwa watu hao hao walioondolewa. Kutoka hapo itaulizwa ni kitu gani hasa katika kazi ya Verne kilichodumu, na ni kitu gani kinachopaswa kubadilishwa na yeyote anayetaka kuurithi utanzu huu katika lugha ya Kiafrika.

2. Mwandishi na kazi zake

Jules Verne alizaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1828, akafariki Amiens mwaka 1905. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alimpeleka Paris kusomea sheria, lakini kijana alivutwa na tamthilia, na kwa miaka kadhaa alijipatia riziki katika soko la hisa. Maisha yake yaligeuka alipokutana na mchapishaji Pierre-Jules Hetzel, aliyetoa riwaya yake Cinq semaines en ballon (Majuma matano katika puto) mwezi Januari 1863. Ushirikiano wao ulizaa mfululizo ulioitwa Voyages extraordinaires (Safari za ajabu), wenye riwaya zaidi ya 50. Miongoni mwake zimo safari ya kwenda kitovu cha dunia (1864), ya kwenda mwezini (1865), ya chini ya bahari (1869-1870) na ya kuizunguka dunia kwa siku themanini (1873).

Mbinu ya Verne ni rahisi kuieleza na ngumu kuiiga. Kwanza alikusanya maarifa yaliyokwisha kuchapishwa: taarifa za wapelelezi, majarida ya jiografia, vitabu vya fizikia na vya wanyama. Pili alibuni chombo kimoja tu kisichokuwapo, lakini kilichojengwa kwa kanuni zinazojulikana. Tatu aliwatia watu wachache ndani ya chombo hicho na kuwapeleka mahali ambapo ramani ilikuwa na pengo. Kazi ya riwaya ikawa ni kulijaza pengo hilo. Ndiyo maana mwaka 1903, alipolinganishwa na Wells, aliona ulinganisho huo haufai. Wells alikuwa amewapeleka wahusika wake mwezini kwa madini ya kubuni yasiyotii nguvu ya uvutano. Verne alijivunia kutumia fizikia.

3. Puto badala ya msafara

Mhusika mkuu wa riwaya ya 1863 ni Daktari Samuel Fergusson, Mwingereza anayekusudia kuunganisha uchunguzi wa Burton na Speke kwa upande wa mashariki na ule wa Barth kwa upande wa Sudani ya Kati. Anafuatana na rafiki yake Dick Kennedy, mwindaji Mskochi, na mtumishi wake Joe. Puto lao, Victoria, limejazwa hidrojeni, na lina kifaa cha kuipasha gesi hiyo moto ili lipande, na kuiacha ipoe ili lishuke, pasipo kupoteza gesi wala kutupa uzito. Kwa njia hiyo Fergusson anaweza kutafuta, juu au chini, upepo unaoelekea anakotaka.

Kennedy anapopinga safari hiyo, Fergusson hamjibu kwa hesabu za gesi peke yake. Anamwonyesha kwamba aliye hewani haogopi joto, mito iliyofurika, homa, wanyama wakali wala watu. Neno hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa. Mtu yeyote anayejua historia ya njia ya kati, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, anajua kwamba safari ile ilikuwa kwanza shughuli ya watu. Mpelelezi wa Kizungu hakuweza kwenda hatua moja bila wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliojua kazi hiyo kuliko yeye. Alihitaji kiongozi wa kushika bendera mbele, mkalimani wa kuzungumza na watemi, na shehena ya nguo, shanga na nyaya za kulipia hongo. Alingoja, alibembeleza, alitegemea. Vitabu vya Burton na Speke vimejaa manung'uniko juu ya utegemezi huo.

Puto la Verne ni jibu la manung'uniko hayo. Halihitaji mpagazi, halilipi hongo, halingoji ruhusa ya mtemi. Msomaji wa Ulaya aliusoma uvumbuzi huu kama ushindi dhidi ya umbali. Ukisomwa kutoka upande wa pili, ni ushindi dhidi ya mazungumzo. Chombo cha kwanza cha riwaya ya kisayansi ya Kifaransa ni msafara uliofutwa watu.

Lakini ni nani aliyemwambia Verne kuna nini chini ya puto? Mwandishi huyo hakufika kamwe Afrika ya kusini mwa Sahara. Sehemu ya bara hili aliyoiona kwa macho yake ni miji ya pwani ya kaskazini, baadaye sana. Alisoma Burton na Speke. Nao Burton na Speke waliambiwa. Walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, na ni huyo aliyewaeleza kwamba maji makubwa yaliyosemwa Ulaya kuwa ziwa moja yalikuwa maziwa mbalimbali. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akaishi Uhindi, akarudi pwani. Kwa Kihindustani alichozungumza na Speke, habari za barani ziliingia katika daftari za Kiingereza. Basi maarifa yalianza midomoni mwa watu wa njia, yakaandikwa London, yakasomwa Paris, kisha yakarudi angani juu ya watu wale wale bila kuwatambua.

4. Jiwe la Mkoa na wana wa mwezi

Alama za asili hiyo zimebaki katika maandishi yenyewe. Katika sura ya 14 puto linapita mahali palipoandikwa Jihoue-la-Mkoa. Mfaransa anayesoma jina hilo anaona ugeni mtupu. Mswahili analisoma kwa sauti na kulitambua papo hapo: ni Jiwe la Mkoa, kituo kilichojulikana na misafara. Katika sura ya 15 yamo tena mahekalu ya maneno hayo: wanganga, yaani waganga, na tembé, yaani nyumba ya tembe. Verne aliyachukua kwa kunakili, nayo yakaingia katika fasihi ya Kifaransa kama mawe yaliyookotwa njiani.

Tukio la sura hiyo ya 15, hapo Kazeh, lasimama lote juu ya neno moja. Burton alikuwa amelifasiri jina la Unyamwezi kuwa Nchi ya Mwezi. Verne akaushika ufasiri huo na kuugeuza kuwa kichekesho. Puto linashuka juu ya soko. Watu wanalidhania kuwa mwezi wenyewe, na abiria wake kuwa wana wa mwezi. Fergusson anajaribu maneno machache ya Kiarabu, kisha anapelekwa kwa sultani mgonjwa, ambaye ugonjwa wake ni ulevi. Joe anaabudiwa na kuchezewa ngoma. Ghafla mwezi wa kweli unachomoza. Kukiwa na miezi miwili angani uongo unafichuka, na wageni wanakimbilia kamba zao.

Kama fani, tukio hili limejengwa kwa ustadi: saa ya mbinguni ndiyo inayovunja hila ya duniani, na sayansi ya falaki inakuwa mchezo wa kuigiza. Kama maudhui, lina dosari ambayo mhakiki hana ruhusa ya kuipita. Wanyamwezi wa 1862 walikuwa wafanyabiashara na wasafiri mashuhuri, waliozoea kufika pwani na kurudi. Riwaya inawafanya watu wasioweza kutofautisha mwezi na mfuko wa kitambaa. Yaani neno lilichukuliwa kutoka katika mdomo wa watu, kisha likatumiwa kuwaonyesha wenye mdomo kuwa hawana akili. Katika sura iliyotangulia mambo ni mabaya zaidi. Kennedy na Joe wanarudi kutoka mawindoni na kuona, kama wanavyodhani, kundi la wenyeji limeushambulia mti walioutia nanga. Kumbe ni nyani. Wahusika wanafanya mzaha kwamba kwa mbali tofauti ni ndogo, na Joe anaongeza kwamba hata kwa karibu ni hivyo hivyo. Haitoshi kusema kwamba huo ulikuwa mtazamo wa zama zile. Mzaha huo unatokana na mahali mtazamaji alipo: anayetazama kutoka juu huona maumbo, hasikii maneno.

Hata hivyo riwaya hiyo ina ukurasa unaomsahihisha mwandishi wake mwenyewe. Wasafiri wanamwokoa mmisionari Mfaransa aliyekuwa karibu kuuawa; anafia mikononi mwao, nao wanamzika mahali ambapo Joe anagundua kuwa mawe yote ni ya dhahabu. Joe anayapakia kwa tamaa. Fergusson anakubali, lakini kwa jina la farumi tu, yaani uzito wa kusawazisha chombo, na kila puto linapohitaji kupanda Joe analazimika kutupa sehemu ya utajiri wake. Kwa msomaji wa nchi yenye migodi, picha hii ina maana ambayo huenda Verne hakuikusudia: madini ya Afrika hayana thamani kwa chombo ila kama mzigo wa kumpandisha mwenye chombo. Safari inaishia penye maporomoko ya Gouina, katika mto Senegal, mikononi mwa askari wa Kifaransa. Puto limekwisha, ramani imejaa, jeshi liko tayari.

5. Nahodha anapobadilika

Ingekuwa dhuluma kumhukumu Verne kwa kitabu kimoja. Katika kazi zake za baadaye swali la nani ameshika usukani linarudi tena na tena, na mara nyingine jibu linashangaza. Nahodha Nemo wa Vingt mille lieues sous les mers (Ligi elfu ishirini chini ya bahari) alikusudiwa kwanza awe Mpolandi mwenye kisasi dhidi ya Urusi, lakini Hetzel alikataa. Katika L'Île mystérieuse (Kisiwa cha siri, 1874-1875) utambulisho wake unafichuliwa: ni mwanamfalme Dakkar wa Uhindi, aliyepigana katika maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza. Hivyo chombo bora kuliko vyote vya Verne kimeundwa na kuongozwa na mtu wa nchi iliyotawaliwa. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1957, aliiona Nautilus kama pango la raha, chumba kilichofungwa ambamo mtu anamiliki dunia kwa kuitazama kupitia dirisha. Uchambuzi huo ni wa kweli, lakini unasahau kwamba aliyejifungia humo alikuwa na sababu ya kuikimbia dunia.

Un capitaine de quinze ans (Nahodha wa miaka kumi na mitano) ilitoka mwaka 1878, mwaka mmoja baada ya Stanley kufika Boma. Humo hakuna chombo cha ajabu. Kuna dira iliyoharibiwa makusudi, na merikebu inayodhaniwa kufika Amerika ya Kusini kumbe imefika Angola. Wahusika wanatembea kwa miguu katika njia za watumwa, na miongoni mwao wamo Wamarekani weusi walio huru, wanaotiwa minyororo. Hapo Verne anaishambulia biashara ya watumwa pasipo kigugumizi, na Hercule, mmoja wa Wamarekani hao, ndiye mwokozi wa wenzake. Si bahati kwamba lawama hiyo inapatikana katika kitabu ambacho miguu iko ardhini.

Mwaka 1901 alitoa Le Village aérien (Kijiji cha angani), kinachopita katika msitu mkubwa wa Ubangi. Wasafiri wanagundua viumbe wanaoishi juu ya miti, nao wanabishana kama ni watu au wanyama. Safari hii kipimo si mashine bali ni lugha: mtoto aitwaye Llanga amemsikia mmoja wa viumbe hao akitamka neno lenye maana ya mama. Mfalme wao anaitwa Msélo-Tala-Tala. Yeyote aliyeishi Kongo anajua kwamba talatala ni kioo, tena ni miwani. Na kweli mfalme huyo ni Daktari Johausen, Mjerumani aliyekwenda kujifunza lugha ya nyani akapatwa na wazimu. Mtaalamu aliyetaka kuwachunguza wengine amegeuka kiti cha enzi kisicho na akili. Kejeli hii ni kali kuliko yote aliyoiandika juu ya elimu ya Ulaya. Lakini pana ukimya mzito pembeni yake. Katika miaka hiyo hiyo, pande zote mbili za Ubangi, watu wa msitu walikuwa wakilazimishwa kuleta mpira kwa ajili ya makampuni na serikali za kigeni. Riwaya ilitega sikio kusikia kama viumbe wa mitini wana usemi. Kilio kilichotoka chini ya miti haikukisikia.

6. Athari zilizodumu

Athari ya Verne katika sayansi yenyewe haina ubishi. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alikiri kwamba hamu yake ya safari za angani iliamshwa na Verne. Hermann Oberth aliisoma riwaya ya mwezini akiwa mtoto, na kwa hesabu akatambua kwamba mzinga wa Verne ungewaua abiria wake kwa kishindo cha kuondoka, na kwamba njia ya kweli ni roketi. Hapa ndipo thamani ya mbinu ya Verne inapoonekana. Kosa lake lilikuwa kosa linaloweza kukokotolewa, na kwa hiyo lilizaa elimu. Kosa la aina hiyo lina faida kuliko utabiri uliosadifu.

Katika sanaa, Georges Méliès alichota kwake na kwa Wells alipotengeneza filamu yake ya safari ya mwezini mwaka 1902. Mwaka 1889 mwandishi wa habari Mmarekani Nellie Bly aliondoka kwenda kuizunguka dunia ili azishinde siku themanini za riwaya, akampitia Verne huko Amiens, akamaliza kwa siku 72. Sura ya Verne mwenyewe ilibadilika mwaka 1994 ilipochapishwa Paris au XXe siècle (Paris katika karne ya 20), riwaya aliyoiandika mwanzoni mwa kazi yake na Hetzel akaikataa. Humo mji wa mashine unamwacha mshairi kijana afe njaa na baridi. Basi hofu ya mashine haikumjia uzeeni, kama ilivyosemwa zamani. Ilikuwapo tangu mwanzo.

Na Afrika? Kongo ilipata kuwa uwanja wa Kivernian bila riwaya: mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani ya Magharibi ilirusha roketi za majaribio kutoka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Katika riwaya ya mwezini, Florida na Texas zinagombania heshima ya kuwa mahali pa kurushia. Huku kwetu ardhi ilitolewa kwa mkataba, na roketi zikawa za wengine.

Katika fasihi jibu limeanza kutolewa. Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville, katika hadithi iliyokipa jina kitabu chake Jazz et vin de palme (1982), anawaleta wageni kutoka anga za juu, na kinachowalainisha si silaha bali pombe ya mnazi na muziki wa jazi. Verne aliwashusha wana wa mwezi wa uongo juu ya Waafrika wajinga. Dongala anawashusha wageni wa kweli juu ya Waafrika wanaojua kukaribisha na kucheka. Katika Kiswahili, Katama Mkangi aliandika Walenisi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani ili akaangamie huko. Anajifunza kukiendesha, naye anafika katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasema: wale ni sisi. Chombo hapo hakikubuniwa ili kuwakwepa watu. Kinamfikisha kwao.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha mambo mawili yasiyotenganishwa. Verne aliipa riwaya ya kisayansi uti wa mgongo wake, yaani heshima kwa maarifa yanayoweza kupimwa na ujasiri wa kubuni kitu kimoja tu na kufuata matokeo yake hadi mwisho. Huo ndio urithi unaodumu, na mwandishi wa Kiswahili hana sababu ya kuukataa kwa kuwa umetoka Nantes, hasa kwa vile sehemu ya malighafi yake ilitoka Kazeh. Lakini pamoja na uti huo alirithisha kikapu cha puto: mahali pa kuketi pasipo na mkalimani.

Kwa hiyo kazi iliyoko mbele ya watunzi na wahakiki si kumtukuza Verne kama nabii, wala kumfukuza kama adui. Ni kuurudisha msafara ndani ya chombo: Bombay na daftari yake ya kumbukumbu, mpagazi anayejua njia, mtemi anayeuliza wageni wanataka nini. Mashine inayolazimika kulipa hongo, kungoja majibu na kujifunza lugha ingeleta hadithi ngumu zaidi kutunga. Na Jiwe la Mkoa, lililoandikwa vibaya kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, lingepata mtu wa kulitamka.